Chelewa Kumi na Mbili za Mwanasha

Jirani yangu hapa Ukunda, Mama Saumu, huchuna chelewa za fagio kila anapopata makuti mabichi. Hukaa kizingitini pake, miguu ameinyoosha, kisu kidogo mkononi, anavua jani upande huu na upande huu mpaka kile kijiti cha katikati kinabaki kitupu na kinateleza. Harufu inayotoka ni mbichi, yenye utamu kidogo, kama maji ya dafu yakimwagika mchangani. Wengine wakiisikia hukumbuka kufagia uwanja. Mimi hukumbuka hesabu za kuzidisha, na nikishazikumbuka huwa sishoni tena. Naiacha cherehani na sare za shule za watu mpaka harufu ipite.

Nilizaliwa ndani huko, upande wa Kinango, kwenye nchi kavu ya mbuzi. Aliyenilea ni nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita Wawa. Jioni mbuzi wakirudi, Wawa alisimama mlangoni pa zizi akawataja mmoja mmoja wakiingia: Kipara, Pembemoja, Mama Pacha, Doa. Hakuwahesabu hata siku moja. Ambaye jina lake lilitajwa na hakuonekana, huyo ndiye aliyepotea, na tulitoka kumtafuta kabla giza halijaingia. Kitu chenye pumzi hakihesabiwi, alisema, ukikihesabu kinapungua. Na watu ndio zaidi. Mgeni akimwuliza ana wajukuu wangapi, alijibu, "Wapo, tunashukuru," kisha akamkaribisha uji ili asirudie swali.

Siku moja nilimwuliza, "Wawa, na wewe nani anakutaja?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Mwenye kuita hajiiti, mwanangu. Yeye anajijua yupo."

Ukame ulipowamaliza mbuzi, nyumba yetu iligawanyika. Mama alikwenda Diani kufua mashuka ya hoteli, Wawa alikataa kuliacha zizi ingawa lilikuwa tupu, na mimi nikapelekwa Bodo kwa shangazi yangu, aliyeolewa na mvuvi. Nilifika muhula ukiwa katikati. Mwalimu akaliandika jina langu chini kabisa ya daftari la mahudhurio, namba arobaini na sita, kwa kalamu ya rangi tofauti na ya wenzangu.

Sitasema watoto wa Bodo walikuwa wabaya. Walinitazama tu. Nilikuwa nikisema maneno kwa lafudhi ya kwetu, naogopa matope ya mikoko, na samaki akiwa na kichwa simli. Adhuhuri shule ilipofungwa, wote walikwenda nyumbani kula, wakabadili nguo, wakaenda madrasa. Mimi sikuwa na madrasa, kwetu tulikuwa watu wa kanisa Jumapili moja moja. Basi kijiji kizima kilibaki na mimi, mbuzi wawili wa jirani na kuku. Nilikwenda kukaa nyuma ya ukuta wa madrasa nikasikiliza sauti zao zikipanda na kushuka pamoja, na nikatamani sana kuwa mtu anayekosea mahali ambapo wote wanakosea. Upweke wa mtoto ni mzito kwa sababu hajui kama una mwisho.

Aliyeniokoa ni Mwanasha. Yeye alikuwa namba ishirini na tisa, msichana mfupi mwenye pengo la jino na ushungi uliokuwa kila mara umepinda upande. Niliwekwa kwenye dawati lake kwa sababu ndilo pekee lililokuwa na nafasi. Siku tatu hakusema nami neno. Ya nne aliniuliza, "Wewe, unajua kusuka?"

"Sijui."

"Utajua," akasema, akanisogezea nusu ya andazi lake. Urafiki wetu ulianza hapo, na kwa upande wangu ulikuwa mkubwa kuliko nilivyojua kuubeba.

Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa mwanamke wa kutoka bara, Mwalimu Nafula, mrefu, mwenye sauti ya kufukuzia ndege shambani. Alikuwa mgeni kama mimi, ila yeye hakuonekana kujali. Alipoona kuzidisha namba za tarakimu mbili kumetushinda, na kwamba fimbo haikutusaidia, alikuja darasani na fagio la kuazima, akalifungua kamba mbele yetu. "Sasa nyinyi watu wa minazi," akasema, "mko na kalamu mingi hivi kwa nyumba na mnalia hesabu ni ngumu. Kesho kila mtu alete chelewa kumi na mbili. Si kumi na moja, si kumi na tatu."

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Tulitoka uani, kwenye mchanga tulioumwagia maji ili vijiti vikae, wawili wawili kwa madawati. Mwalimu alitaja, kwa mfano, ishirini na tatu mara kumi na nne. Mmoja alilaza chelewa mbili za makumi, akaacha nafasi, akalaza tatu za mamoja. Mwenzake alipitisha juu yake, kwa kukata, moja ya makumi na nne za mamoja. Kisha tulihesabu pale vijiti vilipokutana. Pembe ya mamoja ilikuwa na makutano kumi na mawili, pembe mbili za katikati kumi na moja, yaani makumi, pembe ya mbali mawili, na hayo ya mbali yalikuwa mamia. Ukijumlisha unapata mia tatu ishirini na mbili. Aliyewahi alipiga kelele. Kwa kuwa vijiti vilipishana kama miyaa ya mkeka, sisi tuliuita mchezo ule kusuka hesabu, na ndipo nilipoelewa Mwanasha aliniambia kweli, kwamba nitajua kusuka.

Nilijua kweli. Vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Yeye alilaza, mimi nilihesabu, na makutano ya vijiti hayana pumzi, kwa hiyo Wawa hakuwa na neno. Wiki ya pili tulianza kushika nafasi ya tatu, ya pili. Watoto walioniangalia kama kibanzi jichoni walianza kuniita kwa jina. Kila Ijumaa kulikuwa na shindano kubwa, na walioshinda walipewa kuuchukua nyumbani mzigo wa chelewa za darasa zima hadi Jumatatu. Leo siioni raha ya kubeba fagio la watu. Siku zile niliutaka mzigo ule kuliko nguo ya sikukuu.

Ijumaa ile Mwalimu alisema, "Swali la leo ni letu wenyewe. Darasa hili, kila mtu chelewa kumi na mbili, zote ni ngapi? Lakini kwanza tujue tuko wangapi. Mbeyu, wewe mwenye mikono ya haraka, simama uhesabu wenzako."

Nilisimama. Nilimwona Wawa mlangoni pa zizi kama nilivyomwona Mwalimu. Nilifungua kinywa niseme kwamba watu hawahesabiwi, nikaona nyuso zote zinanitazama, na kwa mara ya kwanza zilikuwa zinanitazama kwa kungoja. Ningesema nini? Kwamba kwetu tunaogopa? Wangecheka mpaka Ramadhani. Basi nilipita kati ya madawati nikagusa kichwa baada ya kichwa, moja, mbili, tatu, mpaka nikarudi dawatini kwetu. Kichwa cha mwisho nilichogusa kilikuwa cha Mwanasha. "Arobaini na tano," nikasema, kidole changu juu ya ushungi wake. "Na mimi, arobaini na sita."

Tulishinda. Arobaini na sita mara kumi na mbili, mia tano hamsini na mbili, na Mwanasha alipiga kelele hadi mwalimu mkuu akachungulia dirishani. Tukakubaliana mzigo ukae kwangu Ijumaa na Jumamosi, na Jumapili alasiri aje auchukue ili Jumatatu yeye ndiye aingie nao shuleni.

Jumamosi kulikuwa na mazishi. Niliona wanaume wakipita na jeneza limefunikwa kitambaa, wakipokezana mabegani, haraka haraka kama wazikavyo Waislamu. Nilimwuliza shangazi nani amefariki.

"Ingia ndani," akasema. "Mtoto hasimami njiani maiti akipita."

Jumapili nilikaa mlangoni na mzigo magotini tangu saa nane. Mwanasha hakuja. Saa kumi hakuja. Shangazi alinipitia mara mbili akaniuliza kama naumwa.

Jumatatu niliingia darasani peke yangu na mzigo. Mahali pake palikuwa patupu. Mwalimu Nafula alifungua daftari la mahudhurio, na kwa kuwa dawati letu lilikuwa la mbele upande wa mlango, nilimwona akichukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari juu ya jina la ishirini na tisa, kutoka mwanzo hadi mwisho. "Mwanasha hatutakuwa naye tena," akasema. Kisha, maana alikuwa mwalimu wa hesabu hata usingizini, akaongeza, "Sasa tumebaki arobaini na tano. Mara kumi na mbili?"

Mia tano arobaini. Nilijua kabla hawajalaza kijiti. Tumepungua kama Wawa alivyosema. Niliwaza jeneza, niliwaza kidole changu juu ya ushungi uliopinda. Nilikuwa nimemwua rafiki yangu wa pekee kwa ajili ya fagio.

Baada ya shule nilikwenda kwao. Mlango ulikuwa na kufuli. Kwenye kamba uani ilining'inia sare moja ya shule, ndogo, imekauka hadi imekakamaa. Jirani aliyekuwa akipepeta mchele aliniuliza nataka nini, nikakimbia. Swali moja tu lingenitua mzigo wote ule, nami sikuliuliza siku ile wala mwaka ule. Si kwamba nilisahau. Niliogopa kujibiwa.

Mwalimu alizitoa kwenye mzigo chelewa kumi na mbili zilizozidi, akazitupa kando. Nilizichukua. Nilizilaza chini ya godoro langu, zikanikwaruza mbavuni wiki mbili, nami niliona nimestahili. Siku moja sikuzikuta. Shangazi alikuwa amezifungia kwenye fagio lake, na tangu siku hiyo nilifagia ua kwa chelewa za Mwanasha kila asubuhi, taratibu, nisizivunje.

Ilibidi nitengeneze nilichoharibu. Wawa alipompoteza mbuzi alimtaja, na aliyetajwa alikuwa bado na mahali pa kurudi. Basi nilijifunza daftari lote la mahudhurio kwa moyo, jinsi Mwalimu alivyoliita, na kila alfajiri nikifagia nililitaja, la kwanza hadi la arobaini na tano, na Mwanasha mahali pake pa ishirini na tisa, bila mstari wowote. Ningemrudisha au la, sijui niliamini nini. Nilijua tu kwamba nikiacha siku moja, atakuwa amekufa zaidi.

Darasani sikuhesabu tena. Tulikuwa arobaini na tano sasa, na mimi ndiye niliyebaki bila mwenzi. Wengine walikwenda uani wawili wawili, mimi nikasimama ukutani. Mwalimu Nafula alinitazama siku mbili tatu, kisha akapandisha sketi yake, akachuchumaa mchangani mbele yangu. "Cheza na mimi," akasema. "Hata mimi sina mtu."

Alilaza yeye. Mimi nilipaswa kuhesabu makutano, na namba hazikutoka. Lakini kidole hakikuweza kukaa bure, kikagusa makutano ya kwanza, na midomo yangu ikasema, kwa sauti ya chini, jina la kwanza la daftari. Abdalla. Kisha Amina. Kisha Bakari. Niliishia kwa Halima, na Halima alikuwa wa kumi na mbili. "Kumi na mbili," nikamwambia. Sikuwa nimehesabu. Niliita tu, na aliyeishia kwenye kidole alinipa jibu.

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Rudia nisikie." Nikarudia. Hakucheka, na hilo sitalisahau. Alisema tu, "Haya basi, kila ndege huruka kwa ubawa wake," na tukaendelea hivyo wiki nzima.

Siku moja alitupa arobaini na tano mara thelathini na nne. Pembe za katikati zilikuwa na makutano mengi, na wengine wakiwa wameshamaliza, walisogea kututazama. Niliita majina, na nilipofika pale, nikasema wazi, "Mwanasha."

Watoto waliangua kicheko. Mmoja akasema, "Huyo hayuko!"

"Kweli, Mwanasha hayuko," Mwalimu akasema kwa upole. "Mruke."

"Siwezi, Mwalimu. Nikimruka nitakosea."

Na ilikuwa kweli. Bila yeye, wote waliomfuata wangesogea nafasi moja na kila jibu lingekuwa pungufu. Mwalimu alitazama vijiti, akanitazama mimi, akafikiri. "Basi mwache," akasema. Niliendelea hadi thelathini na moja, na jumla yote ikawa elfu moja mia tano thelathini, sahihi kabisa. Hakuna aliyepiga kelele. Wenzangu walirudi kwenye michezo yao, na kuanzia hapo hakuna mtoto aliyekaa nami kwa hiari, maana aliyejua kuongea na asiyekuwapo aliogopwa. Mwaka ulipoisha mama alinichukua tukaja Ukunda, na Mwalimu Nafula alihamishwa.

Nilikua, nikajua mambo. Nilijua kwamba watu hawafi kwa kuguswa kichwa. Lakini kujua ni mlango mmoja na alfajiri ni mwingine. Nimeyataja majina yale nikifagia kwa mama, nikifagia kwa mume niliyeachana naye, na hadi leo nikifagia chumba hiki kimoja ninachokaa peke yangu na cherehani.

Majuzi nilimpeleka shangazi hospitalini Msambweni, macho yake yamefifia. Nilikaa kwenye benchi la kungojea dawa, na dirishani walikuwa wakiita kutoka kwenye kadi. Wakaita, "Mwanasha Bakari!"

Mwanamke mfupi akainuka karibu nami, mtoto mgongoni. Nilijiambia wako Mwanasha mia pwani hii. Alipogeuka na dawa zake, mtandio ulikuwa umepinda upande.

"Samahani, dada," nikasema. "Wewe ulisoma Bodo?"

"Kidogo tu, kabla hatujahamia Jego," akasema, akaketi. "Babu aliugua, baba akaitwa akalime mashamba. Tuliondoka Jumapili alfajiri mbiombio, hata sare yangu niliiacha kambani. Kwani tunajuana?"

"Tulikuwa darasa moja. La Mwalimu Nafula."

"Subhanallah! Mwalimu wa chelewa!" Akapiga paja, akacheka, na pengo lilikuwa bado lipo. "Mimi mpaka leo nawafunza wanangu vile. Na tulishinda, unajua? Mimi na Riziki. Tukapewa mzigo mzima."

Riziki alikuwa wa thelathini na nane. Alikaa dirishani, na hakushinda hata siku moja. Nilifungua kinywa nimwambie. Nilikuwa na furaha, Mungu ni shahidi yangu, furaha ya kutaka kumshika mikono pale pale kwenye benchi, maana alikuwa hai, amenenepa, ana watoto. Na ndani ya furaha hiyo kitu kiliniuma ambacho sikukitazamia.

"Ndiyo," nikasema. "Wewe na Riziki."

"Na wewe ulikaa wapi?"

"Mbele, karibu na mlango."

Alinitazama kwa bidii, kwa wema, akinitafuta. "Nisamehe, dada. Utoto."

"Hakuna neno."

"Haya, tuombeane," akasema, akamweka mtoto vizuri mgongoni, akaenda zake.

Leo asubuhi Mama Saumu alikuwa anachuna chelewa tena. Harufu ikanikuta nimeinama na fagio, na majina yakaanza yenyewe kama kawaida. Abdalla, Amina, Bakari. Nilipofika ishirini na tisa sikusitasita, nilimtaja Mwanasha wa Jego, mzima wa afya, nikampita. Nikaenda hadi wa arobaini na tano, na hapo nikanyamaza kama nilivyonyamaza maisha yangu yote. Safari hii nilibaki nimesimama. Baada ya huyo daftari lilikuwa na jina moja zaidi, chini kabisa, kwa kalamu ya rangi tofauti, na miaka yote hii nikiwaita watu wasipotee sikuwahi kulisoma.

"Mbeyu," nikasema.

Sikuzoea kulisikia nyumbani mwangu. Nikalirudia, kwa sauti kidogo, "Mbeyu!"

Kizingitini kisu kikanyamaza. Mama Saumu, ambaye masikio yake nayo yameanza kuzeeka, akainua kichwa juu ya makuti.

"Mbeyu, we!" akaita. "Husikii unaitwa?"

"Abee," nikaitika.